Mama Mkwe na Hita ya Kijani

Jumatatu, 14 Julai
Nyambura amekufa leo asubuhi. Hospitali, Thika. Figo. Nilikuwa napandisha mawe floor ya tatu hapa kwa mjengo Ruiru, simu ikalia. Nikaweka jiwe chini. Nikashuka.

Foroman amenipa wiki yote. Hii kitabu ni ya kuandika siku nimefanya kazi. Wiki hii sina kazi ya kuandika, basi naandika hii.

Tumekaa miaka ishirini na sita. Watoto hatukupata. Mazishi ni Jumamosi, kwa shamba yetu Murera.

Jumanne, 15 Julai
Mama yake Nyambura amepiga simu kutoka Njabini. Ako na miaka themanini na kifua mbaya. Vijana wake, ndugu za Nyambura, wanasema asikuje, baridi ya Julai itammaliza, ataonyeshwa mazishi kwa simu. Alikuwa analia na hasira pamoja.

"Mtoto wangu azikwe nikiwa jikoni nachungulia kwa simu? Mkwe wangu, kuja unichukue."

Nikamwambia nitakuja Jumamosi asubuhi na Kijani, na hita itakuwa inafanya. Nilisema tu. Hita, ile ya kutoa joto ndani ya gari, haifanyi.

Kijani ni gari yetu. Nyambura alipikia mama mmoja Mhindi hapo Thika miaka kumi na mbili. Huyo mama akihamia kwa watoto wake ng'ambo, akamwachia gari. Ilikuwa nzee hata hiyo siku.

Hita inavuja tangu mwaka jana. Maji inamwagika ndani, kwa miguu ya mtu wa mbele. Kioo inashika mvuke huoni kitu. Safari ya mwisho kutoka Njabini niliendesha na madirisha wazi ndio nione barabara. Mama alikuwa nyuma, upepo wote ukampiga. Akalala kitandani wiki mbili. Nyambura hakunisemesha hizo wiki mbili. Alikuwa na haki.

Simletei mama ugonjwa tena.

Jumatano, 16 Julai
Gereji, Thika. Fundi ni Karanja. Mkono mzuri, mdomo mbaya.

"Mzee, hita ya nini? Uko Ulaya?"

Alitaka kutoa ile mipira mbili inapeleka maji kwa hita, aiunganishe na kapaipu, basi. Kila mtu hapa anafanyiwa hivyo. Maji haivuji tena. Joto nayo husahau. Nikakataa. Akasema matanga imenichanganya. Nikamwambia ni ya kubeba mama mkwe. Akachukua bisibisi.

Dashibodi imetoka yote. Mimi nashika, yeye anafungua. Hita yenyewe ni karejeta kadogo, kama kitabu ya nyimbo za kanisa. Imejaa matope ya kutu. Ndani ya matope, vitu vidogo vyeusi. Karanja akanusa.

"Mzee. Hii ni pilipili manga?"

Ni pilipili manga. Mtu wa mjengo aliniambia ukimwaga kwa rejeta inaziba tundu. Nikamwaga pakiti mbili. Ikaziba kila mahali, tundu ikaacha. Gari ikanukia hoteli. Nyambura alicheka mpaka akakaa chini kwa nyasi. Akasema sasa Kijani inangoja tu mchele. Akaniambia nitafute fundi. Sikusikia. Na miaka yote naweka maji ya kisima ya Murera, ile ya chumvi. Hita nimeua mimi mwenyewe.

Nimelia. Sikuwa nimelia tangu Jumatatu. Nimelia nikishika hiyo takataka. Karanja akaenda kuleta chai na akakawia makusudi.

Alhamisi, 17 Julai
Hita ya hii gari haipatikani. Nimezunguka maduka ya spea Thika mpaka saa nane. Wengine wanacheka nikitaja hiyo gari.

Mwisho nikaingia kwa mzee mmoja Kalasinga, Mhindi wa kilemba. Alishika ile yangu, akaipima na vidole, akapanda ngazi yeye mwenyewe na magoti yake mabaya. Akashuka na hita ya gari ingine. Imezidi yangu vidole viwili. Akasema, "Mwambie fundi yako akate kasha inakaa hita, asikate hita. Nyinyi mnapenda kukata."

Karanja amekata kasha. Amelaani kila mtu kutoka kiwanda mpaka mimi.

Ijumaa, 18 Julai
Hita imeingia. Karanja alitaka kurudisha dashibodi mara moja. Nikamwambia hapana. Kwa mjengo hatupigi plasta kabla ya kujaribu paipu.

"Sasa wewe ndio fundi?"

"Mimi ni mtu wa mawe. Weka maji."

Akaweka. Injini ikapata joto. Tone. Tone. Inatoka kwa mpira wa chini. Ingekuwa imefungwa huko ndani tungejua kesho katikati ya msitu, njia ya Njabini. Karanja akabadilisha mpira, akafunga klipu mpya. Tukangoja saa nzima. Kavu. Sasa imewekwa kulanti, ile dawa ya rejeta ya dukani, si maji ya kisima.

Saa kumi na moja jioni joto imetoka. Nimeweka mkono hapo kama mjinga. Karanja pia ameweka wake.

Jumamosi, 19 Julai
Nimemzika Nyambura.

Asubuhi nilimtoa mama Njabini. Ukungu ilikuwa mzito lakini kioo safi. Mama akaingia nyuma, na blanketi mbili. Lazima nyuma. Kwetu mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwe. Ni heshima. Miaka ishirini na sita hatujawahi.

Kwa msitu akaanza kukohoa. Nikaongeza hita. Mimi natoka jasho, yeye anakohoa. Hapo ndio nikajua. Hita ya Kijani inatoa joto mbele tu. Wiki nzima nafikiria hita, sikufikiria mama anakaa wapi. Mjinga kabisa.

Nikasimamisha gari. Kumwambia akuje mbele siwezi. Nikakaa tu nikiangalia barabara.

"Mbona tumesimama?"

"Mama, joto haifiki huko."

"Hapo mbele iko?"

"Iko."

"Na hicho kiti ni nani amekalia?"

"Hakuna mtu, mama."

Kisha nikasikia mlango wa nyuma. Akazunguka polepole, ameshikilia gari. Akakaa kwa kiti ya Nyambura. Akatoa viatu, akaweka miguu na soksi pale joto inatoka.

"Endesha. Na usiniangalie miguu."

Sikuangalia. Kufika Gatura kikohozi kilikuwa kimeisha. Akaniambia vile Nyambura akiwa mdogo alikuwa anaiba maziwa ya ndama. Sikuwa najua hiyo.

Kwa kaburi alisimama mwenyewe. Alitupa udongo na mkono wake. Vijana wake waliangalia chini.

Jumapili, 20 Julai
Watu wameenda. Mama amebaki. Amesema Njabini ataenda baridi ikiisha. Ameamka mapema akapika uji, akaniwekea yangu kwa meza na yake akanywea jikoni. Mlango kati yetu aliuacha wazi.

Nyumba imenyamaza. Si mbaya sana.

Nimeosha buti. Kesho narudi kazi.