Doa la Ubishi

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, au bado unashindana na ngazi kama msichana? Baba naye hajambo? Mimi ni mzima, ila mafua yamehamia kwangu na hayana dalili ya kuaga.

Uliniomba nikueleze kazi yangu kwa lugha ya watu. Ni hivi: kuna darubini huko juu inayopiga anga eksirei, kama lilivyopigwa lile goti lako. Galaksi zikikaa kwa makundi, katikati yake hujaa gesi yenye joto kali, na kwenye picha gesi hiyo huonekana kama doa lililotandaa. Sisi tunayaorodhesha makundi hayo. Kila doa hukaguliwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, na ni mwiko kunong'onezana kabla wote hawajaandika uamuzi.

Mkaguzi mwenzangu tunamwita Bwana Hapana, kwa kuwa hakuna doa analolikubali bila kulisumbua. Mimi nina haraka, unanijua. Nilishapitisha madoa ambayo baadaye yalikutwa ni vyanzo viwili vya mwanga vilivyokaribiana tu, havina hata udugu. Mkuu wetu, mwanamke mpole wa maneno machache, akanionya kwamba nikikosea tena ataniondoa kwenye kiti cha ukaguzi. Mama, hicho ndicho kiti nilichokisomea ujana wangu wote.

Basi likaja doa moja hafifu, pembeni kabisa mwa picha. Nikaandika kundi. Bwana Hapana akaandika hapana. Tukabishana mpaka chai ikapoa, yeye akisema naona ninachotaka kuona, mimi nikimjibu kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mkuu akaagiza darubini ya kawaida ielekezwe pale, nasi tukangoja. Majibu yalipokuja, galaksi zilikuwepo, chungu nzima, zote umbali mmoja. Nililia mbele za watu na sioni aibu.

Kesho yake Mkuu akaniambia nitapewa mwenzangu mwingine, kwani Bwana Hapana ameomba kuhamia nusu nyingine ya anga. Nikapandwa na hasira. Mtu mzima hawezi kushindwa hata mara moja? Nikamfuata hadi kwenye mashine ya kuchapia, nikamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Akasema, akitazama karatasi zinavyotoka, kwamba hahami kwa sababu ya doa. Kanuni inakataza watu wa nyumba moja kukagua anga moja, maana mwishowe wataanza kuona kwa jicho moja, na yeye anataka kunioa. Alisubiri kiti changu kiwe salama, ndipo akaachia chake, ili nikikubali nisipoteze kitu.

Haya yote niliyoandika, Mama, nilikuwa nazunguka mbuyu tu. Nampenda. Nadhani nilimpenda tangu tukiwa tunabishana, ila nilikuwa nimeshughulika kushinda. Mtu aliyeondoka kwenye kiti chake kabla hajajua jibu langu, mimi ningemjibu nini?

Mwambie Baba polepole, akiwa ameshashiba. Kaka nampa salamu, na acheke kwa kiasi. Mwezi ujao mtapata ugeni. Akikataa chai mara ya kwanza, wewe mmiminie tu, atakunywa.

Akupendaye daima,
Kitindamimba wako