Mzee Alisema Nitumie Busara

Sindo, Jumamosi, Machi 1992

Na bado sijui busara ni nini hasa.

Jana mtumbwi ulichelewa. Jua lilizama, Sabato ikaanza, kazi ikawa mwiko, nami nina beseni mbili za samaki wabichi, mbuta. Nikamkimbilia mzee wa kanisa: niwabanike usiku huo, au niwaache? Alifumba macho kidogo. “Mama Akinyi, tumia busara yako.”

Basi. Angesema tu ndiyo au hapana, ninge... Neno lenyewe tamu kama zawadi, kumbe ni mzigo: nikikosea, nimekosea peke yangu.

Niliwaacha. Naogopa si Mungu niliyemtii; niliogopa macho ya majirani.

Leo kanisani, wimbo ulipopanda, niliwaona mbuta wangu wakiogelea hewani juu ya kwaya, wazima, polepole, kama waliosamehewa. Nikarudi nyumbani nikakuta nzi na harufu. Nimewafukia nyuma ya jiko.

Sasa hivi, giza likiingia, mzee mwenyewe amebisha hodi. Ameshika sufuria, anatafuta mboga ya jioni.

“Mama Akinyi,” akaniuliza kwa upole, “ulibanika wangapi?”