Baruti Mpya, Kipimo cha Marehemu

Shangazi Leah mpendwa,

Naomba msaada wako, na kabla sijafika mbali naomba jina langu lisitoke, maana huku Ibaba tunajuana mpaka kikohozi. Mimi ni mkulima wa viazi na mahindi, nina mke na watoto wanne, kanisani ni mzee wa kanisa, na tangu mwezi wa tatu chakula hakina ladha mdomoni mwangu.

Marehemu baba aliacha gobole, lile la kushindilia kwa mdomo wa mtutu, lilikuwa na karatasi zake serikalini kwa jina lake, na kwa gobole hilo alipata mbawala kwa kibali na kufukuza nyani shambani, na sijaona mtu aliyekuwa makini na baruti kama yeye. Alikuwa na pembe ya ng'ombe ya kuwekea baruti, na kifuniko chake cha mti ndicho kilikuwa kipimo, kifuniko kimoja kwa mlio mmoja. Kila alipopata baruti ya kutoka kwingine alikitupa kifuniko cha zamani motoni, akachonga kingine kidogo, akawa anajaribu na kukichimba polepole mpaka aridhike, hata kama wiki nzima ingepita na nyani wanakula. Risasi alitumia zile laini tu alizoyeyusha mwenyewe, akisema chuma kigumu kinagombana na mtutu. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu, Shangazi, kwa hiyo siwezi kujidanganya kwamba sikujua.

Baba alipofariki sikulipeleka gobole polisi, nikawa nasema nitakwenda, nitakwenda, miaka mitatu ikapita na baruti yake ikaisha. Mwezi wa pili nilipopeleka viazi Tunduma nikakutana na jamaa mwenye baruti ya machimboni, ya kupasulia miamba, akanipa kopo zima kwa gunia la viazi, na akaniambia kwa kinywa chake, "Mzee, hii usiipime kama ile mliyozoea. Hii ina hasira." Mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani nikamimina kiasi kwenye pembe ya baba, kifuniko nikarudisha kile kile, na risasi nikakata vipande vya nondo vilivyobaki tulipojenga choo, nikijiambia kwamba siku nikipata nafasi nitachonga kifuniko kipya. Mama aliona pembe imejaa akauliza baruti imetoka wapi, nikamwambia ni ya baba, nimeikuta stoo.

Sasa sikiliza dhambi yangu. Jumanne moja asubuhi nyani waliingia kwenye mahindi ya shemeji yangu Anyelwisye, mume wa dada yangu Tumpe, naye akaja mbio kuazima gobole. Huyu ni fundi cherehani, ndiye anayeshona sare za shule kwa kata nzima, mtu mpole asiyejua hata kugombana na kuku. Mama alikuwa ameketi pale pale barazani anachambua maharage. Nikamwonyesha shemeji mkoba wenye pembe na vile vipande vya nondo, nikamwambia kila kitu kimo humo. Maneno yalinifika kooni kabisa, kwamba shemeji punguza, hiyo siyo ile, lakini mama alikuwa ananitazama na ningesema angejua nimemdanganya, basi nikanyamaza, nikajisemea kwamba kifuniko kimoja hakiwezi kumdhuru mtu. Akaenda. Mlio tuliusikia mpaka nyumbani, na haukuwa mlio wa gobole la baba.

Mtutu ulipasuka mbele ya uso wake. Jicho la kushoto limekwenda, na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Polisi walikuja wakachukua gobole na mkoba, wakaniuliza baruti ilitoka wapi, nikasema ni ya marehemu. Alipotoka hospitali kikaitwa kikao cha ukoo, wazee wakamuuliza alipimaje, akasema kifuniko kimoja, wakamuuliza una hakika, akasema ana hakika, wakamuuliza mara ya tatu, akainamisha kichwa akasema labda alipima mara mbili kwa haraka ya nyani. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, nikatazama miguu yangu.

Tangu hapo habari imekuwa ndiyo hiyo. Dada yangu anamsema mbele ya watoto kwamba kichwa chake hakitulii, na yeye mwenyewe ameamini. Daktari amesema vidole vilivyobaki vinatosha kushika kitambaa na jicho la kulia ni zima, lakini akija mtoto wa shule kupimwa kiuno anampima mara tano, anaandika, anafuta, mwisho anamrudisha kwao bila sare. Wiki mbili zilizopita alikuja kwangu na jogoo, akapiga magoti, mtu mzima yule, akasema, "Shemeji, nimeharibu mali ya baba mkwe. Nisamehe, akili yangu haishiki hesabu tena."

Nilimwinua nikamwambia yamepita. Jogoo nikampokea, na Jumapili tulimla, Shangazi.

Sasa amepata mtu wa Vwawa wa kununua cherehani yake na ataipeleka Jumatatu ijayo. Mama ana presha, Tumpe hatanisamehe, kanisani nitatengwa, na polisi nimeshawadanganya. Kopo lenye baruti iliyobaki bado liko stoo ya viazi, naogopa hata kulitazama. Je, nikimsaidia matibabu kimya kimya na baadaye nikamnunulia cherehani nyingine, haitakuwa imetosha? Najuta mno, nisaidie. Alhamisi nitashuka mjini na viazi, jibu lako nitalisoma gazetini huko.

Ni mimi niliyenyamaza, Ileje.

Jibu la Shangazi Leah

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji, ndipo nikairudia. Nakuonea huruma, maana kila mmoja wetu ana neno alilolimeza siku moja akabaki analijutia. Lakini huruma yangu usiifanye mto wa kulalia.

Tuanze na hilo kopo. Umeniandikia kurasa tatu za majuto, na baruti ya kupasulia miamba umeiacha stoo wanakoingia wanao kuchukua viazi vya mchana? Usiliguse, usilimwage chooni, usilichome moto, wala usimpe mtu. Funga stoo, zuia watoto, nenda polisi waje walichukue wenyewe. Ukiwa huko huko rekebisha maelezo yako, useme baruti ilitoka wapi na kwa nini gobole lilikaa kwako miaka mitatu kwa jina la marehemu. Watakuhoji, na inawezekana wakakushtaki. Ukipata mtu anayejua sheria nenda naye, usipompata mwombe mchungaji wako akusindikize. Sikudanganyi kwamba haitauma.

Halafu hiyo habari ya kulipa kimya kimya niondolee hapa. Wewe unadhani ulichomchukulia shemeji yako ni jicho na vidole. Hivyo vilikwenda na baruti asubuhi ile moja. Wewe umeendelea kumchukulia kila siku, tangu kile kikao, akili yake ambayo ni nzima kuliko yako. Mtu huyu alipima kifuniko kimoja, sawasawa kabisa. Akawaambia wazee ukweli mara mbili, ya tatu akajisingizia, kwa sababu mtu pekee aliyejua alikuwa anatazama miguu yake. Cherehani mpya itamsaidia nini mtu anayeogopa tepu yake mwenyewe?

Na hili la kumwogopa mama! Mwanaume wa watoto wanne, mzee wa kanisa, unaficha baruti kama mtoto aliyeiba sukari. Presha yake usiifanye kisingizio, maana ataumia zaidi akiyasikia haya kwa jirani. Baba yako alikuwa anakichoma kifuniko cha zamani ili mwingine asikiamini kwa makosa. Ulimwona akifanya hivyo miaka yote, ukarithi pembe ukaacha desturi.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wa kwako ameshazaliwa, basi mlee. Itisha kikao kile kile, wazee wale wale, mama awepo, Tumpe awepo. Usimvute shemeji pembeni ukamnong'oneza, kwa sababu aliaibishwa mbele ya watu na atasafishwa mbele ya watu. Usianze na shetani wala na fujo za nyani. Simama useme, "Shemeji alipima sawa. Mimi ndiye niliyebadilisha baruti, niliambiwa ni kali, na sikumwambia." Kisha kaa chini. Akikulaani msikilize, akiondoka mwache aondoke. Usimng'ang'anie akusamehe siku hiyo hiyo, wewe uliyekula jogoo wake. Fidia watapanga wazee, na watakachokipanga utakitoa bila kunung'unika. Uzee wa kanisa ukaurudishe mwenyewe kabla hujavuliwa.

Jina lako sikulitoa, na ya wenzako nimeyabadilisha. Ila gobole lililopasuka Ibaba mwaka huu ni moja tu, na gazeti hili, ambalo wewe unalipata leo Alhamisi hapo mjini ulikoniambia unakuja na viazi, kwenu huko juu hufika Jumamosi. Shemeji yako ana jicho moja zima na kusoma anajua. Panda gari leo, ili akiikuta habari hii humu, awe ameshaisikia kwako.