Njiwa wa Baba Achieng na Kifua Changu

Jumapili, jioni. Mvua imepita mchana na kuacha hewa safi, nami niko kwangu Mamboleo, hapa Kisumu, nimekaa mlangoni, napumua.

Usicheke, shajara. Kupumua ndiyo habari yenyewe leo.

Mwaka huu karibu wote nimeukohoa. Kikohozi kikavu kisichotoa kitu, halafu homa jioni na kifua kubana. Nilipimwa malaria, nikapimwa TB, nikapewa pampu ya pumu. Vipimo vilirudi safi, nami nikarudi nyumbani kukohoa. Kanisani naimba sauti ya kwanza, lakini ilifika mahali nikawa nafungua mdomo tu, ubeti wanaumaliza wenzangu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilianza kumuwaza Achieng, binti yetu aliye shule ya bweni, nikijiuliza nani atampangia sanduku nikiondoka.

Nyumbani tuko wawili, mimi na Baba Achieng. Na njiwa.

Njiwa ni wake. Kibanda chao alikigongelea ukutani, karibu na dirisha la jikoni. Kila jioni alitikisa kopo la mahindi, nao wakashuka kutoka kwenye mabati na kumkanyaga hadi viatu. Mwanamume huyu hajawahi kukumbuka siku yangu ya kuzaliwa, lakini kila njiwa alimjua kwa jina. Yule mwekundu anaitwa Chifu.

Kazi yangu mimi ilikuwa mavi. Niliyaacha yakauke vizuri, maana yakiwa mabichi yanang'ang'ania saruji, kisha asubuhi nikayafagia, nikayapondaponda na kuyatia guniani. Vumbi lilinipanda hadi kwenye nywele. Yote hayo ni kwa ajili ya mboga zangu za sukuma wiki, na kweli mtaa mzima ulizisifu.

Aliyeshtuka wa kwanza ni mama mkwe, ambaye analima mpunga Ahero. Alinichukua nikapumzike kwake, na kikohozi kikaisha. Nikarudi Kisumu, kikaanza upya. Nikaenda tena Ahero, kikaisha tena. Siku moja akiwa anapepeta mchele, akaniita karibu.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "hii kikohozi inakaa Kisumu. Huku Ahero haikujui. Hiyo nyumba yenu iko na kitu."

Nakiri nilikasirika. Nilidhani ananiambia nyumba yangu ni chafu, na ni mwanamke gani anafagia kunizidi mimi?

Kumbe ni huko kufagia kwenyewe.

Maneno yake nilimpelekea daktari wa kifua nikiyasimulia kama umbea wa mama mkwe. Hakucheka. Aliniuliza Kisumu kuna nini ambacho Ahero hakipo. Nikataja moshi wa magari, joto, jirani na redio yake.

"Mnafuga kuku?"

"Hapana, daktari. Njiwa tu."

Akaweka kalamu chini. "Na mavi yao, unafagia yakiwa kavu ama unamwaga maji kwanza?"

"Kavu."

Akanituma nikapigwe picha ya kifua, na picha iliporudi akanieleza taratibu. Vumbi la mavi makavu na la manyoya ya njiwa, likivutwa kila siku, mapafu ya watu wengine hulikataa, yakavimba. Si kila mtu, ndiyo maana Baba Achieng ni mzima kabisa. Mavi hayohayo yanaweza kubeba viini vya magonjwa mengine, na mwenye kinga dhaifu huumia zaidi. Kwangu mimi, nikiendelea kulivuta, mapafu yatafanya makovu, na makovu hayo hayaponi. Alinipa vidonge, lakini akasema dawa kubwa ni mimi na njiwa tuachane.

Nilimwambia Baba Achieng nikiangalia sakafu. Sikumwomba awatoe. Nilisema naweza kuhamia kwa mama yake Ahero kwa muda, tuone. Alitoka nje, nikamsikia akiongea na Chifu kwa Kijaluo, polepole. Nikafunga nguo zangu nikijua nani atabaki na nani ataondoka.

Asubuhi nilikuta njiwa wote wako ndani ya matenga, na yeye amevaa shati lake la kanisani. Mimi alinipandisha gari la Ahero. Njiwa akawapeleka Katito kwa binamu yake.

Njiwa, yawa, jamani! Binamu aliwafungulia wazoee mahali, na Baba Achieng akabaki kula samaki na kusikiliza habari za ukoo. Alipofika nyumbani, wao walikuwa wamemtangulia. Chifu alikuwa juu ya mabati akingoja mahindi.

Mimi hapo ningekata tamaa. Yeye alivaa barakoa na glavu, akalowesha kila kitu kwa maji na dawa ya kuua viini, kama daktari alivyoagiza, kisha akabomoa kibanda na kuziba mianya ya paa kwa wavu wa waya. Halafu akaacha kuwalisha. Mama mkwe anasema hilo la mwisho ndilo lililomkondesha mwanawe.

Nilirudi jana. Leo kanisani nimeimba ubeti mzima mpaka mwisho, na mwalimu wa kwaya akageuka kuangalia sauti imetoka wapi. Nimelia kidogo. Asante Mungu. Mchana nimempigia mama mkwe kumshukuru, nikamwomba msamaha kwa ile hasira yangu. Amecheka sana. "Hiyo wachana nayo. Sasa sukuma yako itakula nini? Kuja nikupe mbolea ya ng'ombe."

Nakiri na jambo lingine: ua umepoa. Sikujua ningewakumbuka njiwa.

Na ona, wamekuja. Wachache tu, Chifu akiwa mbele, wametua ukingoni mwa mabati na kuinamisha shingo wakimtafuta. Baba Achieng yuko kwenye kiti chake. Kopo liko jikoni. Nimelikuta limeoshwa, ndani ameweka majani yangu ya chai. Wao hawajui hayo, wanangoja. Yeye ameibana mikono katikati ya magoti.

Huyu mtu hajawahi kuniambia ananipenda, si kwa Kiswahili wala kwa Kijaluo. Leo sina haja ya kuambiwa.

Chifu ameruka, amezunguka juu ya ua, na wenzake wamemfuata kuelekea mjini. Baba Achieng amewatazama hadi wamepotea. Ndipo amenigeukia.

"Mama Achieng, hebu vuta pumzi nisikie."

Nimevuta, hadi chini kabisa, bila kukohoa.

"Tena," amesema.

Nimevuta tena. Na kesho akitaka kusikia, nitamvutia.