Kikombe cha tatu

Seble, nimetoka kwao Biniam sasa hivi. Niko barabarani hapa Addis, nalia mbele za watu.

Nilikwenda kama mkwe mtarajiwa, nikampelekea mama yake maua ya adey, yale ya njano ya mwaka mpya. Akayapokea vizuri tu. Akakaanga buni juu ya makaa, tukanywa kikombe cha kwanza, tukanywa cha pili.

Halafu akayamwagia maji makaa.

Makaa, Seble. Akayamwagia maji, na kikombe cha tatu, kile cha baraka asichonyimwa mgeni, hakunimiminia.

Akasema, "Mwanangu, kwenu mbali, usije ukakosa basi."

Kwa upole, yaani.

Nikamtazama Biniam. Akainuka. Nikajua anakwenda kuwasha makaa mengine.

Kumbe anakwenda kunifungulia geti.