Fundo Langu na Jina la Gwasa

Jumatatu, 15 Januari 1979

Nimesuka kamba tangu asubuhi. Katani ya mwaka huu mbaya, inakatika. Sijui namsukia nani. Hakuna anayepiga mbizi tena. Ila mkono umezoea.

Nina miaka sabini na mbili. Mjerumani nilimwona akikimbia, Mbelgiji akafuata, Mwingereza naye kaondoka. Wake wawili nimezika. Ndui ilinipitia ikaacha alama tu. Operesheni ya vijiji ilinibomolea nyumba, bado nipo. Na wapiga mbizi wa kivuko cha Ruvubu, tulikuwa saba, sita nimewazika. Bazirake tulimfukia kabla ya Krismasi. Alikuwa anasema atanizika yeye. Mwongo.

Mimi nilikuwa mshika kamba. Watu wanadhani anayezama ndiye mwanamume. Anayezama anashikwa. Mimi ndiye nilikuwa nashika.

Kuandika nilijifunza kisomo cha watu wazima. Mwalimu alisema mkono wangu mzito kama jembe. Lakini nilifaulu.

Jumanne, 16 Januari

Kaja mwenyekiti wa kijiji, Leonsi. Nilimwona anatambaa huyu. Jumapili baada ya ibada katekista atasoma majina ya wapiga mbizi pale kivukoni, kijiji kiwakumbuke. Tulioopoa maiti za watu miaka yote ile. Anataka majina kwangu maana nimebaki peke yangu.

Nikasema majina sita, la kwanza langu.

"Si mlikuwa saba, Mzee?"

Gwasa hasomwi, nikamwambia. Gwasa alijifungua kamba chini ya maji afuate mizigo ya marehemu, akafia huko. Mwizi wa maiti hasomwi na katekista. Kila mtu anajua. Niliwaambia mwenyewe, mwaka ule wa operesheni.

Jumatano, 17 Januari

Anjela, mjane wa Gwasa, alisimama uani kwangu jua linatoka. Hakunisalimu. Tangu mwaka ule hajanipa shikamoo, na mimi ni wa kumzaa.

Akasema: "Petro wangu anaondoka kesho na lori la mgambo. Anakwenda vitani. Wenzake wanamwita mtoto wa mwizi wa maiti. Mtaje baba yake kwenye karatasi ya mwenyekiti, leo, asiondoke na jina hilo."

Nikamwambia akalime. Nikamwambia mwanawe akafie Uganda, huko hawamjui baba yake. Ndivyo nilivyosema, naandika nilivyosema.

Hakulia. Alitia mkono kwenye kikapu kama anataka kutoa kitu. Akaghairi. Akaenda.

Mchana Leonsi na karatasi yake. Nilimweleza kazi yetu vizuri. Kila mshika kamba alikuwa na fundo lake, ili mpiga mbizi akizama moja kwa moja, maiti ikipatikana ijulikane nani alikuwa amemshika. Langu mizunguko mitatu, mkia unarudi ndani. Likilowa linajibana. Tangu enzi za Mbelgiji hakuna aliyewahi kulifungua majini, hata aliyefungwa mwenyewe. Mpaka atoke nje, likatwe kwa kisu. Leonsi akaguna. Nikamwagia kamba maji, nikamfunga kiunoni aone. Akahangaika na vidole mpaka jasho likamtoka. Nilicheka sana.

Akaacha kuhangaika. Akaniangalia.

"Sasa Mzee, Gwasa alilifunguaje?"

Nilimkata kamba kwa kisu. Nikamwambia atoke kwangu.

Alhamisi, 18 Januari

Lori limeondoka saa tatu. Nililisikia linapanda kuelekea Kanazi, vijana wanaimba. Sikwenda kuwaaga.

Jirani kasema walimtania Petro juu ya lori. "Petro, adui akifa sisi tutachukua bunduki, wewe mpekue mifuko. Si ndiyo kazi ya kwenu!" Lori zima likacheka. Petro naye akacheka. Mama yake alikuwa chini pale, ameshika ubao wa lori mpaka lilipomponyoka.

Sikula. Si kwa ajili ya hilo. Maharage hayakuiva.

Ijumaa, 19 Januari

Leonsi kasambaza swali lake la fundo. Nimeingia kilabuni. Fundi baiskeli, na ulevi wake: "Fundo la mzee kumbe lilikuwa la kamba ya viatu! Mtu anajifungulia tu!" Wakacheka mpaka wakamwaga pombe.

Fundo langu!

Nimerudi, nimefunga kamba kwenye nguzo ya nyumba, nimevuta mpaka kiganja kimechanika. Halikufunguka.

Basi. Afadhali waniite muuaji kuliko waseme fundo langu lilifunguka. Naandika.

Mwaka wa operesheni watu walikuwa wanahamishwa na mizigo yao, mtumbwi ukapinduka. Mama mmoja hakuonekana. Gwasa akajiandaa kuzama. Kabla hajazama akawaambia watu ukingoni, "Nikivuta mara mbili, mwamsheni huyu mzee wangu." Wakacheka, na wanawake pia. Kuvuta mara mbili maana yake nitoe. Lakini Gwasa alikuwa na mzaha wake, anavuta hana shida yoyote, unamtoa mbio, anaibuka anacheka.

Akavuta mara mbili. Nikasema leo utangoja. Nikaanza kuhesabu mpaka thelathini, polepole. Akavuta tena. Tena. Akavuta ovyo, bila mpango. Hapo nilijua si mzaha.

Nikamaliza kuhesabu.

Nilipovuta, kamba ilikuwa imenasa kwenye mizizi. Ikakatika. Nikakata ncha kwa kisu ikae sawa, isionekane ilikatika, nikawaambia watu kajifungua, kafuata mizigo. Siku ya tatu maji yalimtoa upande wa Murukulazo. Watu wakakimbia harufu. Anjela akamwosha peke yake. Akaja barazani akasema mume wangu ana kamba kiunoni. Nikasema mfiwa huyu, akili imemtoka. Wakaniamini mimi.

Jumapili, 21 Januari

Nimekwenda kivukoni. Nimesema mbele ya watu. Nilianza na fundo, kwamba halikufunguka. Kisha yaliyobaki, mpaka thelathini. Fundi baiskeli alikuwepo. Hakucheka.

Katekista kasoma majina sita. La kwanza Gwasa. Langu halikuwemo. Nikamwuliza vipi. "Wewe bado uko hai, Mzee," alisema, anakunja karatasi.

Watu walipotawanyika Anjela alifungua kikapu chake. Akaweka kipande cha kamba mchangani, miguuni pangu. Mizunguko mitatu, mkia ndani. Amekitunza miaka yote.

"Mwandikie Petro," akasema. Basi, akaenda.

Lori limefika wapi, hakuna anayejua. Leonsi hajui. Nimechukua karatasi. Nimeandika Petro. Nimeishia hapo.

Kipande kiko hapa mezani. Nimelijaribu fundo kwa vidole, nimelijaribu kwa meno yaliyobaki. Halifunguki.

Mwenye kubisha haya niliyoandika asiulize kilabuni. Amwulize Anjela, mke wa Gwasa. Ukinitaja hatajibu salamu yako, lakini kamba aliiona.