Mwanamke wa Kibanjani

Hamugembe, Jumapili

Laiti nisingemwambia bibi. Nilikwenda Izimbya kumsalimia tu, akaniuliza huko chuoni nasomea nini hasa. Nikamweleza kwamba napima mifupa ya mwanamke wa kale tuliyemfukua Muleba.

"Mlimkuta wapi?"

"Kwenye kibanja cha familia moja, katikati ya migomba yao."

Akaacha kumenya ndizi. "Basi ana watu wake. Nani huzikwa kwenye kibanja cha wengine?"

Kwenye sanduku la mifupa ya yule mwanamke niliandika kwa mkono wangu: ndugu, hakuna. Pale kijijini sikumuuliza mtu hata mmoja. Nikifuta sasa, msimamizi wangu atauliza kwa nini. Nisipofuta...

Bibi alishanionyesha atakapozikwa, nyuma ya jiko, penye migomba. Nilipoaga akaniuliza bila hasira, "Na mimi mtaniacha pale miaka mingapi kabla ya kunifukua?"